Jinsi ya kupaka nta upya jaketi kuukuu la Kiingereza

Ukinunua Barbour ya mtumba, yaani jaketi la Kiingereza la pamba iliyopakwa nta, ukaikuta imekauka na inavuja mabegani, usiitupe. Pamba hii ilitengenezwa ikijulikana wazi kwamba nta yake itaisha na itapakwa tena. Ndiyo maana Bedale na Beaufort, aina mbili za jaketi za Barbour, za miaka ya 1980 bado zinavaliwa mvuani Uingereza, ilhali jaketi la nailoni likishabanduka utando wa ndani hakuna fundi wa kulifufua. Juzi nimemsaidia rafiki kupaka lake, nikaona niandike.

1. Hakikisha ni pamba ya nta. Ukiligusa linanata kidogo, ukilikwaruza kwa ukucha linabaki na mstari uliopauka. Kama lebo inasema Ventile, weka nta kando. Hiyo ni pamba nyingine bora ya Kiingereza, iliyobuniwa Manchester na kuvaliwa na marubani wa Jeshi la Anga katika Vita Kuu ya Pili. Nyuzi zake zimefumwa kwa kubanana sana, na zikilowa huvimba zikaziba njia ya maji. Haihitaji nta.

Kwa wapenda umri wa vitu: lebo ya Barbour yenye nembo tatu za kifalme ni ya 1987 au baadaye.

2. Safisha. Maji baridi na sponji. Sabuni hapana, mashine hapana kabisa. Liache likauke.

3. Yeyusha nta. Weka kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, maana nta hushika moto. Mimi natumia nta ya kopo tu. Ile ya kupulizia hukaa juu juu.

4. Paka. Hapa ndipo watu hupoteza saa nzima, na chanzo ni kimoja: baridi. Nta ya moto ikikutana na kitambaa cha baridi huganda kabla haijapenya, ukabaki na michirizi myeupe. Ukiiona, usiongeze nta, ongeza joto. Pasha chumba kwanza, kisha lilaze jaketi mezani juu ya magazeti. Chovya kipande cha fulana kuukuu, sugua eneo la ukubwa wa kiganja, kisha lipitishie draya ya nywele papo hapo. Utaona weupe unatoweka na kitambaa kinakolea rangi. Hapo ndipo uhamie eneo la pili. Nta ikipoa kwenye kopo, badilisha maji ya moto.

Mishono ishughulikie zaidi ya kila kitu, kwa sababu matundu ya sindano ndiyo mlango wa maji. Rudia mabegani na kwenye mikunjo ya viwiko. Kola ya kodrai, bitana na ndani ya mifuko usiguse. Vile vitundu vya kwapani vyenye pete za chuma ni vya kupitisha hewa, vikizibwa na nta vizibue kwa kijiti cha meno. Wapo wanaotumia pasi badala ya draya. Sikushauri, nta hupenya hadi kwenye bitana na haitoki.

5. Tundika usiku kucha, mbali na nguo nyingine. Siku za mwanzo usilikalie kwenye kochi la kitambaa.

Kesho yake nyunyizia maji mabegani. Yakifanya matone na kuteleza, livae. Yakitanda na kuacha doa jeusi, rudi mahali hapo tu, na draya kwanza.