Vidole Vinavyouma Wakati wa Kukoma Hedhi: Namna ya Kujiandaa Kabla ya Kuuliza Habari za Homoni

Mwanamke anayekaribia miaka 50 akikaa juu ya mbuzi kukuna nazi, kisha shina la kidole gumba likaanza kumwuma kabla hajamaliza kifuu cha kwanza, mara nyingi husingizia uzee au baridi ya feni. Huenda ni kulika kwa viungo vya vidole, ugonjwa unaowapata wanawake zaidi ya wanaume, na unaojitokeza sana katika miaka ileile hedhi inapokoma. Kwa kuwa ndani ya viungo mna vipokezi vya estrojeni, na homoni hiyo ndiyo hupungua wakati huo, ni haki yake kuuliza kama kuirudisha kwa dawa kutamsaidia.

Kabla ya kwenda popote, ichunguze mikono yako kwa wiki mbili. Asubuhi, tandaza viganja mezani penye mwanga na utazame pingili mojamoja. Vinundu vigumu kama punje ya hindi kwenye kiungo kilicho karibu na ukucha au kwenye kiungo cha katikati ya kidole, pamoja na maumivu ya shina la gumba unapokamua khanga uliyoifua, huashiria ugonjwa huu. Tazama saa pia: ukakamavu wa asubuhi ukiachia ndani ya nusu saa hivi, unaelekea kuwa ni kulika kwa viungo, ukikaa muda mrefu zaidi, na viungo vya mwanzo wa vidole na vya kifundo cha mkono vikavimba vikawa laini na vyenye joto, inaweza kuwa baridi yabisi, ambayo tiba yake ni nyingine kabisa na haifai kusubiri. Kama uliwahi kuugua homa kali kabla maumivu hayajaanza, iandike, maana chikungunya, yenye jina la Kimakonde, huweza kuacha viungo vikiuma kwa miezi.

Katika daftari hilohilo andika tarehe ya hedhi yako ya mwisho, kwa sababu hedhi huhesabiwa kuwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila kuiona. Andika unapatwa na joto la ghafla mara ngapi, na usiku unalala vipi. Kisha andika, bila kuona haya, kama umewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi, ugonjwa wa moyo au wa ini, kama damu imewahi kuganda mguuni au kwenye mapafu, na kama unatokwa na damu ukeni baada ya hedhi kukoma. Hayo ndiyo yanayoweza kumfanya daktari akatae kukupa homoni, kwa hiyo yataje mwanzo.

Ukianzia zahanati ya mtaani, omba rufaa ya kumwona daktari wa magonjwa ya wanawake katika hospitali kama Amana, Temeke au Mwananyamala, za Dar es Salaam. Usiombe homoni kwa ajili ya vidole peke yake. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022 uliwapa wanawake 28 wenye maumivu ya mikono ama estrojeni iliyochanganywa na bazedoksifeni, dawa ya kulinda mfuko wa uzazi, ama kidonge kisicho na dawa. Ulionyesha kwamba jaribio la namna hiyo linawezekana, lakini idadi ilikuwa ndogo mno kuthibitisha kuwa dawa inatibu. Homoni hizi hutolewa hasa kwa ajili ya joto la ghafla. Kwa maoni yangu, anayeteswa na joto hilo ana sababu nzuri ya kuziuliza, na vidole vikipata nafuu itakuwa faida ya ziada. Asiye na joto hilo aanze kwingine.

Ukikubaliwa, uliza mambo matatu: kama utapewa projesteroni pia, ambayo ni lazima kwa mwenye mfuko wa uzazi, kama bandiko la ngozini linapatikana, kwa kuwa hatari yake ya kugandisha damu ni ndogo kuliko ya vidonge, na kama hujachelewa, maana mizani ya faida na madhara huwa nzuri zaidi kwa anayeanza kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome. Vidonge vya uzazi wa mpango vya binti yako si mbadala, hata kama navyo vina homoni.

Wakati huohuo, paka jeli ya diklofenaki kwenye vidole, vaa kishikizo cha gumba, na uzungushie kitambaa mpini wa mwiko wa ugali uwe mnene. Nazi ipeleke sokoni ikakunwe kwa mashine. Vidonge vya viungo visivyo na jina wala karatasi ya maelezo viache kwa muuzaji, kwani vingine huchanganywa na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe.

Baada ya miezi mitatu rudi kwa daktari na daftari lako. Damu ikitoka bila kutarajiwa, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, usingoje tarehe hiyo. Nenda hospitali siku hiyohiyo.