Kutenga hela ya mvua kwenye nyumba za kupanga Kigoma

Kwetu Kigoma mjini hakuna vuli na masika kama Dar. Mvua ikishaanza Oktoba au Novemba, ni mpaka Aprili, Mei. Kwa hiyo bajeti ya matengenezo ya nyumba ninazowasimamia wenyewe naifunga mwezi wa saba, jua kali, mafundi wanatafuta kazi. Desemba fundi yuleyule ndiye anayekupangia bei.

Hatua ya 1: Panda juu mwenyewe. Angalia misumari ya bati. Ule mpira chini ya kofia ukikauka na kupasuka, maji hupenya kidogo kidogo, na kwenye dari unakuta duara la rangi ya chai. Kuna nyumba Mwanga, hapa hapa mjini, nilikuwa nimeshatenga hela ya mabati mapya. Kumbe ni misumari tu.

Hatua ya 2: Pima maji. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 120 likipigwa na mvua ya milimita 50, hizo ni lita 6,000: simtanki 6 za lita 1,000. Kama hakuna gata, zote zinamwagikia kwenye msingi. Hela yangu nyingi inaishia hapa: gata, bomba la kushushia, mtaro wa kuyapeleka maji mbali na ukuta. Rangi isubiri.

Hatua ya 3: Tazama mahali. Katubuka, ambako maji ya bwawa hufika hadi kwenye nyumba, tenga fungu la gari la maji taka. Choo kikifurika, mpangaji haongezi mwezi. Kibirizi kwenye ufukwe, kabla ya kukarabati chochote, waulize wenyeji ziwa limewahi kufika wapi.

Hatua ya 4: Kata kwenye kodi. Vyumba 6 vya shilingi 50,000 vinaingiza 300,000 kwa mwezi. Mimi nakata asilimia 10, mwaka unatoa 360,000. Mpangaji akilipa miezi 6 kwa mkupuo, toa 30,000 siku hiyohiyo uziweke kwenye laini tofauti. Mwaka niliozichanganya na hela za nyumbani, zilikwenda na ada ya shule.

Hatua ya 5: Sikiliza utabiri. TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, hutoa utabiri wa mvua za msimu, Novemba hadi Aprili. Wakisema juu ya wastani, zibua mitaro mapema, rudia Januari.

Risiti zote tunza, hata ya misumari. Mwenye nyumba aliyeko Dar hajaona mvua, ataziulizia.