Jinsi ya kuomba msamaha wa gharama za matibabu kwa mgonjwa wa mtikisiko wa ubongo jijini Mwanza

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya ndugu wa mtu aliyeumia kichwa, si kwa mgonjwa mwenyewe, kwa sababu mtikisiko wa ubongo humsahaulisha mtu yaliyotokea muda mfupi uliopita, humfanya aulize swali lile lile mara tatu, na humchosha hata kwa kusoma karatasi ya ukurasa mmoja. Chagueni mapema mtu mmoja wa kushika bahasha ya makaratasi. Akiwa ni yule aliyeshuhudia ajali ni bora zaidi, kwa kuwa daktari atataka kujua kama mgonjwa alipoteza fahamu, na kwa muda gani.

Matibabu hutangulia, maombi hufuata. Mgonjwa anayetembea na kuzungumza vizuri huanzia zahanati au kituo cha afya, na kutoka hapo anaweza kupewa rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya, kisha Sekou Toure, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na hatimaye Bugando, hospitali ya kanda. Barua ya rufaa itunzwe, kwani anayeruka ngazi bila barua hiyo huweza kukataliwa na bima yake. Utaratibu huu haumhusu mwenye dalili za hatari: kutapika mara kwa mara, kichwa kinachozidi kuuma, degedege, usingizi mzito hata asiamshike, udhaifu wa upande mmoja, au maji na damu kutoka masikioni au puani. Huyo apelekwe moja kwa moja kitengo cha dharura. Anayeishi kisiwani Ukerewe asisubiri dalili zizidi, maana kivuko kina saa zake. Wa Sengerema wamepata nafuu tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025.

Ikiwa chanzo ni ajali ya barabarani au kupigwa, hospitali itadai PF3, fomu inayotolewa na polisi bila malipo. Mgonjwa akiwa katika hali mbaya ahudumiwe kwanza, na ndugu mmoja aende kituoni kuifuata. Mlipogongwa na pikipiki au gari, andikeni namba ya chombo hicho kabla hakijaondolewa, kwa sababu sheria inamlazimu mwenye chombo kuwa na bima inayomlinda mtu wa tatu, na bila namba hiyo madai ya fidia huwa magumu sana.

Sasa maombi yenyewe. Wengi hukosea kwa kungoja siku ya kuruhusiwa, bili ikiwa imeshafungwa, ndipo wanaanza kutafuta barua. Mara mgonjwa anapopokelewa, mmoja wenu aende kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa au kijiji anakoishi mgonjwa, si anakolala ndugu aliyekuja kumuuguza, akaombe barua ya utambulisho inayotaja jina kamili, makazi, kazi, idadi ya wanaomtegemea na sababu ya kushindwa kulipa, ikiwa na saini na muhuri. Jina katika barua, katika kitambulisho na katika faili la hospitali liwe moja. Tofauti ya herufi chache imewahi kurudisha watu hadi wilayani Magu kufuata barua nyingine. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, ilete pia kitambulisho chake.

Barua hiyo ipelekwe ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali, pamoja na PF3 na makadirio ya gharama. Afisa atawahoji juu ya kipato, mali na ndugu wenye uwezo. Jibuni kweli, kama mnaweza kutoa kiasi fulani, kitajeni, kwa kuwa uamuzi unaweza kuwa msamaha wote, wa sehemu, au kulipa kwa awamu, na afisa humsikiliza zaidi anayekuja na pendekezo. Ombeni uamuzi uandikwe kwenye faili. Mtoto wa chini ya miaka 5, mjamzito na mzee wa miaka 60 au zaidi asiye na uwezo wanatajwa na sera ya afya yenyewe, hivyo hoja yao huanzia hapo.

Kipimo kinachopandisha bili ni siti skani (CT scan), picha ya ndani ya kichwa. Daktari asipokiandika msidhani amewanyima haki: kipimo hicho hutafuta damu na mifupa iliyovunjika, na kwa mwenye mtikisiko wa ubongo pekee picha kwa kawaida hutoka safi. Akikiandika, peleka karatasi ustawi wa jamii kabla ya kwenda dirisha la malipo.

Mwenye bima aonyeshe kadi tangu mapokezi. Aliyeumia akiwa kazini asiombe msamaha kabla ya kumtaarifu mwajiri, ambaye anatakiwa kutoa taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndani ya siku 7.

Siku ya kutoka, ombeni karatasi ya mapumziko, ile inayoitwa ED, na tarehe ya kurudi kliniki. Siku moja au mbili za kwanza ni za kupumzika, kisha shughuli zirejee kidogo kidogo. Watu wazima wengi hupata nafuu ndani ya wiki 2. Dereva wa bodaboda asipande pikipiki hadi daktari aruhusu. Bahasha ile ile irudi naye kliniki, barua ya mtaa ikiwa juu.