Kusoma faili za diski ya seva yenye kufuli ukiwa kwenye kompyuta nyingine

Tuelewane kwanza, diski iliyofungwa kwa LUKS (mfumo wa Linux wa kufunga diski kwa pasiwedi) inafunguliwa pale ilipochomekwa, yani kwenye seva yenyewe. Watu wanahangaika siku nzima kutafuta programu ya kufungulia kwenye laptopu wakati laptopu haina haja hata ya kujua kama kuna kufuli, yenyewe inaonyeshwa folda basi.

Kwahiyo ingia kwenye seva kwa SSH (njia ya kuingia kompyuta nyingine kupitia mtandao), piga lsblk -f uone partisheni ipi imeandikwa crypto_LUKS. Tuseme ni sdb1, ifungue kwa jina data halafu uimount, yani uiunganishe na folda:

sudo cryptsetup open /dev/sdb1 data
sudo mkdir -p /mnt/data
sudo mount /dev/mapper/data /mnt/data

Ukiandika pasiwedi hutaona nyota wala nukta, usidhani kibodi imekufa, maliza tu ubonyeze Enter. Lakini ikikuuliza uandike YES kwa herufi kubwa, simama hapo hapo, piga Ctrl+C, maana hapo umeandika luksFormat badala ya open na ukikubali data yote imekwenda na hakuna fundi wa kukurudishia. Kuna siku pasiwedi yangu ilikuwa inakubali kwa SSH ila nikikaa mbele ya seva inakataa, nikaanza kujishuku mwenyewe, kumbe kibodi ya seva ilikuwa kwenye mpangilio mwingine na alama moja ilikuwa imehama!

Mount ikilalamika LVM2_member, ndani kuna LVM (mfumo wa Linux wa kugawa nafasi ya diski), piga sudo vgchange -ay halafu lsblk tena, jina la kumount litatokea.

Sasa rudi kwenye laptopu, kama ni Linux tumia sshfs, inakuonyesha folda ya seva kupitia SSH:

mkdir ~/seva
sshfs jina@192.168.1.20:/mnt/data ~/seva

weka jina lako na IP ya seva yako. Wa Windows tumia WinSCP, inapita SSH ile ile. Ukiona faili ila hazifunguki, shida sio kufuli tena, ni ruhusa, faili ni za root (mtumiaji mkuu wa seva) na wewe umeingia kama mtu mwingine. Na ujue kabisa, diski ikishafunguliwa kila mwenye ruhusa kwenye seva anasoma, kufuli linakulinda pale tu imefungwa au imeibiwa.

Seva ikiwa imekufa, chomoa diski uichomeke kwenye kompyuta nyingine yenye Linux. Windows itakuambia diski inahitaji kufomatiwa, KATAA. Fungua kwa kusoma tu, weka --readonly kwenye cryptsetup na -o ro kwenye mount, na kama ni ext4 (mfumo wa faili wa Linux) iliyozimika ghafla ikagoma, jaribu -o ro,noload. Ukitumia adapta ya USB na partisheni hazionekani usikate tamaa, baadhi ya adapta zinabadilisha ukubwa wa sekta, chomeka kwenye SATA (tundu la diski ndani ya kompyuta) moja kwa moja.

Ukimaliza, fusermount -u ~/seva kwenye laptopu, halafu kwenye seva sudo umount /mnt/data na sudo cryptsetup close data. Ikisema target is busy, mara nyingi ni terminali yako mwenyewe imekaa ndani ya hiyo folda, piga cd urudie.

Na kabla hujaondoka chukua kopi ya hedá ya LUKS (sehemu ya diski inayotunza funguo) kwa cryptsetup luksHeaderBackup uitunze nje ya hiyo diski, maana hedá ikiharibika hata pasiwedi sahihi haifungui kitu.