Maji ya tangi yakipungua, usiongeze ya chumvi

Mnaofuga samaki vipepeo, wale wa baharini, hapa Dodoma, hewa yetu kavu, hasa ule upepo wa kiangazi, inakausha maji ya tangi haraka mno. Maji yanaondoka, chumvi inabaki. Piga mstari kwenye kioo kwa kalamu ya wino, kila siku jazia hadi hapo kwa maji yaliyochujwa madini. Ya kisima hapana, mengi huku ni magumu. Kipimo cha chumvi, yaani uzito wa maji ukilinganishwa na maji safi, kikae 1.023 hadi 1.025.

Na kabla hujalipa, mwombe muuzaji amlishe samaki ukiona. Vipepeo wengine hula matumbawe hai tu. Uduvi wataupita hadi wafe njaa, na inauma kweli. Anayeanza achukue kipepeo aina ya Chaetodon auriga, halafu amtafutie tangi kubwa.