Unakuja Mombasa na mtoto mchanga? Soma kabla hujafunga sanduku

Mwanangu wa kwanza nilimzaa Ohio, mwezi wa Novemba, theluji ikianguka. Alipotimiza miezi minne nikampandisha ndege kuja kumwonyesha mama yangu Mombasa. Ilikuwa Machi, kaskazi inamalizikia na joto halina huruma. Nilibeba masanduku mawili ya vifaa vyake. Siku ya kurudi niliviangalia, na karibu nusu yake sikuwa nimevigusa.

Tangu hapo nimekuja naye mara kadhaa, kisha na mdogo wake, na kipimo changu ni kimoja. Orodha za maduka ya ughaibuni zimeandikwa kwa ajili ya mama na baba waliojifungia peke yao na mtoto. Mtoto wa Mombasa ana bibi, ana shangazi, ana jirani anayepiga hodi kuuliza, "Yuko wapi huyo nimpakate?" Kwa hiyo kifaa kinachoshika nafasi ya mikono ya watu, kiache. Kifaa kinachofanya kazi ambayo mikono haiwezi, kibebe hata kama ni kizito.

Bembea ya umeme, kiti cha kutikisika, mashine ya kupasha chupa moto: vyote hivyo viache. Chupa hupata joto kwenye bakuli la maji moto.

Tukiwa kwenye umeme, wa Marekani na Kanada sikilizeni vizuri. Huko umeme ni volti 120, Kenya ni 240. Adapta inayouzwa uwanja wa ndege hubadilisha umbo la pini tu, haipunguzi volti. Mimi nilichomeka mashine ya kukamulia maziwa ukutani kwa mama, ikalia mara moja, ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, basi. Nilikaa siku mbili matiti yamejaa mpaka nikashikwa na homa. Kabla ya kufunga sanduku, geuza chaja usome maandishi madogo ya mgongoni. Ukiona 100-240V, inafaa. Ukiona 120V peke yake, iache. Wa Uingereza hamna shida hii, volti na plagi zenu ni sawa na za Kenya. Hata hivyo beba pampu ya mkono, kwa sababu umeme ukikatika usiku, matiti hayangoji urudi.

Kigari cha mtoto ni swali ninaloulizwa zaidi. Jibu linategemea unafikia wapi. Ukikaa Nyali na matembezi yako ni maduka makubwa na jioni moja moja bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, kigari chepesi kinachokunjika kwa mkono mmoja kitakufaa. Ukifikia Mji wa Kale, Kisauni au Likoni, utakisukuma siku ya kwanza tu. Vichochoro ni vyembamba, mchanga unameza magurudumu, na kwenye mteremko wa feri watu wanashuka kwa wingi na mikokoteni kati yao. Na popote ulipo, usikifunike kigari kwa kitambaa ili kumkinga mtoto na jua. Hewa ya ndani hupanda joto upesi sana na mtoto humwoni.

Badala yake, nenda Biashara Street ununue doti mbili za leso za pamba. Leso mpya huwa ngumu, zifue mara mbili tatu zilainike na rangi ya ziada itoke. Doti mbili ni vipande vinne, na vipande vinne ni shuka, taulo, kivuli, stara ya kunyonyeshea na mbeleko. Mama yangu alinionyesha mbeleko upya kana kwamba sijapata kuiona. Aliinama mpaka mgongo ukawa kama meza, akamtelezesha mtoto juu yake, akatandaza leso, akaivuta chini ya makalio ya mtoto ili magoti yapande na miguu imkumbatie mbavuni, kisha pembe akazikaza kifuani na kuzipiga fundo. Mtoto akasinzia kabla mama hajanyooka sawasawa. Lakini mgongoni ni mpaka shingo ikaze. Aliye mdogo zaidi mbebe kifuani, uso wake uuone, kidevu kisizame kifuani mwake. Kama una mfuko wa kubebea wa ughaibuni, chagua wenye kitambaa cha matundu. Ule wenye sponji nene utawatoa harara nyote wawili.

Kiti cha gari kibebe. Hapa sitaki mjadala, maana katika yote hiki ndicho kifaa ambacho hata bibi mwenye nguvu hawezi kushika nafasi yake. Gari likigonga, hakuna mikono inayoweza kumzuia mtoto. Mashirika mengi ya ndege hukipokea bila malipo, ila uliza lako kabla ya kulipa tikiti. Mwombe atakayekupokea uwanja wa ndege wa Moi International aje na gari ambalo mikanda ya nyuma inafunga kweli, aijaribu kwa mkono wake kabla hajaondoka nyumbani. Mtoto atazame nyuma, na asiwekwe kamwe kwenye kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa. Cha mitumba usinunue kama hujui historia yake, kwani kilichowahi kupata ajali huenda kina ufa usioonekana. Na ukiegesha juani, kifunike kwa leso, kwa sababu chuma cha mkanda kikipata jua la saa saba kinaunguza ngozi ya mtoto. Tuktuk haina pa kukifunga. Kwa hiyo safari ndefu na za barabara kuu, kama kuvuka Nyali Bridge kwenda Bamburi au Mtwapa, nilifanya kwa gari.

Kulala ndiko kutakakokuletea maneno na wakubwa. Mtoto analala chali, juu ya godoro gumu lililo bapa, bila mto, bila blanketi zito, bila vile vitambaa vilivyojazwa pamba vya kuzungushia kitanda. Marekani ilivipiga marufuku vitambaa hivyo mwaka 2022, pamoja na vitanda vya kulaza mtoto kwa mwinamo. Lakini mama yako amelea watoto kwa mto mdogo wa pamba, na mavyaa naye vilevile. Mimi nilisema hivi: "Shikamoo mama. Nakuomba jambo. Daktari wake ameniambia alale chali bila mto mpaka atimize mwaka. Nisaidie kumwangalia asije mtu akamwekea." Akaniambia, "Marahaba mwanangu, tutafanya hivyo," na kuanzia usiku ule yeye ndiye aliyekuwa akiwaondolea wageni mito mikononi. Ukiwapa kazi ya kulinda, wanalinda.

Walker, kile kigari cha kumfunzia mtoto kutembea, usiipokee hata ikiwa zawadi. Kanada imepiga marufuku kuziuza tangu 2004 kwa sababu watoto huporomoka nazo ngazini, na nyumba zetu nyingi zina baraza na vidato. Tandika mkeka wa miyaa sakafuni, atajifunza kutambaa na kusimama mwenyewe. Wanja pia kataa kwa adabu, kwa kuwa mwingi una madini ya risasi.

Nepi usijaze sanduku. Zipo kila supermaketi, na vibandani huuzwa hata moja moja. Nepi za kitambaa hukauka kabla ya adhuhuri. Nguo za mtoto utazipata soko la Kongowea kwa bei nafuu, chagua pamba nyepesi, ufue kwanza.

Maji yanahitaji uangalifu. Visima vingi vya kisiwani ni vya chumvi, na maji ya chumvi hayamfai mtoto hata yakichemshwa. Kama anatumia maziwa ya kopo, tumia maji matamu yaliyochemshwa na uyakoroge yakiwa bado na joto la digrii 70 au zaidi, kisha yapoe. Chupa zichemshe sufuriani dakika 10. Anayenyonya na hajafika miezi sita hahitaji maji ya kunywa hata joto likizidi. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Themomita beba, na kadi ya chanjo. Mtoto aliyezaliwa ughaibuni hana kinga yoyote ya malaria, na Pwani malaria ipo mwaka mzima. Muone daktari wiki nne hadi sita kabla ya safari, umuulize kuhusu dawa ya kinga kwa uzito wa mtoto wako. Ukifika, homa yoyote ni ya kwenda kupimwa siku hiyohiyo.

Na hapo ndipo inapoingia neti, kifaa nilichokisahau safari ile ya kwanza. Neti za duara zinazoning'inia kutoka kwenye ndoano moja ni nzuri kwa macho, lakini hubana nafasi kitandani, na mkono wa mtoto ukiegemea neti mbu humuuma kupitia matunduni. Asubuhi ya pili nilihesabu alama saba kwenye kiwiko kimoja. Ya mraba ndiyo inayompa nafasi. Basi wiki moja kabla ya kupanda ndege, mpigie aliyeko nyumbani, umwombe apime kitanda urefu na upana, anunue neti ya mraba yenye dawa inayokizidi kidogo ili ncha zichomekwe chini ya godoro, na aianike kivulini siku nzima kabla ya kuitundika.