Ukipita Kilifi jioni, simama hivi

Ukitoka Mombasa kwenda Malindi, piga hesabu ufike Kilifi saa kumi na moja jioni. Ni kama kilomita 60 tu, lakini foleni ya Mtwapa inaweza kukula saa nzima, kwa hiyo mimi huondoka saa nane na nusu.

Usivuke daraja kwanza. Ingia Mnarani, upande wa kusini, uone magofu ya msikiti wa kale na mibuyu kabla hayajafungwa. Pale juu ya mwamba unaona hori, yaani mkono wa bahari, lote chini yako, na mahali feri ilipokuwa ikivusha magari hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Mamangu aliipanda, na kila tukifika hunionyesha gati kwa kidole.

Jua usilitafute baharini. Pwani yetu inatazama mashariki. Jua linazama bara, juu ya maji ya hori, na kwa dakika kumi hivi yanakuwa rangi ya shaba.

Halafu korosho. Usisimamishe gari juu ya daraja, ni hatari kwako na kwa wauzaji. Egesha kando, shuka, salimia, omba kuonja moja. Iliyo safi huvunjika kwa mlio na ina utamu. Iliyokaa hulegea na kunuka mafuta. Mimi hununua nzima, zisizoungua, pakiti mbili: moja ya nyumbani, nyingine haifiki Gede, kabla ya Malindi.

Ukisikia adhana ya magharibi, washa taa uondoke. Mbele kuna baiskeli nyingi zisizo na taa.